Kiingilio cha Mzawa

Siku Emiliana alipomuuza ng'ombe wake wa maziwa kwenye mnada wa Karatu, habari zilimfikia binti yake Dodoma kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Alikuwa bado anapandisha kilima cha kwao Rhotia, kamba tupu mkononi, simu ikalia ndani ya kitenge.

"Mama, ni kweli umemuuza yule wa madoa?"

"Nani kakwambia?"

"Aliyeniambia kaniambia. Yule ng'ombe ndiye anayewalisha wewe na baba. Kama una shida, kwa nini usiseme?"

"Sina shida, Fabiola. Nataka kumpeleka baba yako Manyara."

"Manyara hospitali gani?"

"Siyo hospitali. Hifadhini. Akaone wanyama."



"Mama, baba ameona wanyama miaka thelathini. Umelogwa?"

"Kama nimelogwa, basi aliyeniloga ni huyo baba yako, nikakuzaa wewe. Hebu niache nitembee, kilima kinanimaliza."

Fabiola aliguna, akakata simu. Emiliana akaendelea kupanda, na kila alipopumzika aligeuka nyuma kama vile kuna kitu bado anakivuta.

Mumewe, Boay Sulle, alianza kuendesha watalii Fabiola akiwa hajazaliwa. Akaendesha mpaka mvi zikamjaa kichwani, mpaka siku kiharusi kilipompiga akiwa anafunga kamba za viatu alfajiri, ajiandae kwenda kazini. Kikauchukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, kikamvuta mdomo upande, na kikaondoka na maneno yake yote isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "bado". Una njaa, Baba Fabiola? Bado. Nikugeuze? Bado. Mvua imekata? Bado. Daktari alisema huenda maneno mengine yangerudi yenyewe. Mwaka wa pili ulikuwa unaishia na hakuna lililorudi.

Kila asubuhi Emiliana alimtoa nje, akamkalisha kibarazani, uso ukielekea barabara ya lami kule bondeni. Magari ya watalii yalipita hapo kwenda Ngorongoro, na kila gari lilipoanza kupanda mlima, mkono wa kushoto wa Boay, ule mzima, uliinuka juu ya paja ukabadilisha gia. Gari likishapotea kwenye kona, mkono ulirudi ukalala. Emiliana aliliona jambo hilo akiwa anapepeta mbaazi, akaliona tena siku zilizofuata, na kila alipoliona mikono yake ilisahau ungo. Hapo ndipo alipoanza kupiga hesabu.

Bei yenyewe aliijua tangu ujana, maana Boay ndiye aliyemfundisha. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa alimwomba, "Nipeleke na mimi siku moja nimwone huyo simba anayepanda mti." Boay akamshika shavu, akamwambia kiingilio ni dola. "Dola ishirini na tano kichwa kimoja, Emi. Hapo hujagusa gari. Tukikaa vizuri nitakupeleka." Fabiola alipozaliwa akauliza tena, akaambiwa zimekuwa thelathini na tano. Walipoezeka nyumba kwa bati akauliza mara ya mwisho. Boay akapiga mluzi. "Zinapanda kila mwaka, hawa watu hawana huruma. Bado, Emi." Baada ya hapo hakuuliza tena. Alikuwa akishuka na basi kwenda Mto wa Mbu kununua ndizi za kuja kuuza, na basi lilipita karibu kabisa na geti la hifadhi, magari yamepanga foleni, Wazungu wenye kofia wakijinyoosha migongo. Emiliana aligeuzia uso dirisha la upande wa pili, kama mtu anavyogeuza uso asionekane anatamani chakula cha mwenzake.

Sasa alijumlisha peke yake jikoni. Dola hamsini na ushee kwa kichwa, mara mbili. Gari la siku nzima, dola mia mbili, kwa sababu ndivyo Boay alivyowahi kumtajia. Akachukua akiba yake yote kwenye kikoba cha kina mama wa kanisani, ikawa haifiki hata nusu. Ndipo ikabidi ng'ombe aende mnadani. Fedha zote akazipeleka mjini kwenye duka la kubadilisha fedha, na msichana wa dirishani, kwa kumwona mwanamke wa shamba na kandambili zake, akamuuliza anasafiri kwenda nchi gani.

"Mto wa Mbu," Emiliana akajibu.

Msichana akacheka mpaka akaziba mdomo, akidhani ni utani.

Kutoka dukani alikwenda moja kwa moja kwa Margwe. Huyu Margwe ndiye Boay aliyemfundisha kazi, akamtoa utingo akamfanya dereva na mwongoza watalii, na tangu mzee augue ndiye pekee kati ya wenzake aliyekuja kumtazama bila kusukumwa. Alimkuta uani kwake akiosha gari refu la tajiri wake. Msimu ulikuwa haujafunguka, magari mengi yalikuwa yamelala.

"Shikamoo, mama. Mzee anaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo vilevile. Nimekuja unipigie hesabu." Akafungua leso, akazitandaza noti juu ya boneti. "Nataka kumwingiza mzee Manyara. Hata kwa saa moja tu, wakisema muda umekwisha tutoke. Hizi zitatosha?"

Margwe alikausha mikono kwenye suruali, akazitazama zile noti bila kuzigusa.

"Dola za nini, mama?"

"Za geti."

"Geti lipi linalokudai wewe dola?" Alikuwa anacheka, akaona mwenzake hacheki. "Mama, dola ni za wageni. Mzawa analipa shilingi. Elfu kumi kwa mtu mzima na kodi kidogo juu yake. Wewe na mzee kwa pamoja hamfiki bei ya jogoo."

"Wamebadilisha lini?"

"Hawajabadilisha. Ndivyo ilivyo siku zote. Mimi naanza kazi na mzee ilikuwa elfu moja na mia tano. Tulikuwa tunacheka, tunasema sahani ya chipsi ni ghali kuliko simba."

Emiliana aliketi juu ya tairi la akiba lililolazwa pale. Alitazama maji ya sabuni yakitiririka kuelekea kwenye miguu yake na hakuiondoa miguu.

"Gari ndilo lilikuwa ghali," akasema. "Alikuwa anaogopa gharama ya gari."

Margwe angeweza kusema ndiyo, mambo yakaishia hapo. Baadaye alijilaumu sana kwamba hakusema. Lakini alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa.

"Gari ni ghali kweli. Ila msimu ukifungwa kampuni ilikuwa inatupa magari bure, siku ya familia. Kila mtu anakuja na mke wake, watoto, masufuria ya pilau. Mke wangu ameshakwenda mpaka amewachoka nyani." Kisha akaona uso wa Emiliana, sauti ikapungua. "Mzee alituambia wewe hupendi, mama. Kwamba unawaogopa wanyama."

"Mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mimi ninayemfukuza fisi zizini kwa mwiko?"

 Emiliana alizikusanya noti zake, akazifunga kwenye leso fundo juu ya fundo, akaaga vizuri kama mtu aliyelelewa, akaondoka.

Jioni alimkalisha Boay mkekani, akampa ugali na mlenda, tonge kwa tonge, akimfuta mdomo upande ule uliolegea. Alikuwa amejiapiza kwamba hatauliza. Tonge la nne likiwa hewani akauliza.

"Baba Fabiola, kwa nini uliniambia ni dola?"

Boay akamtazama. Macho yalikuwa yaleyale, ya kahawia, yenye kope ndefu alizompa Fabiola.

"Nilikukosea nini? Ulikuwa unanionea aibu? Sema basi. Tikisa hata kichwa."

"Bado," akasema Boay, na akafungua mdomo kusubiri tonge.

Emiliana akainuka na sahani. Akaenda nayo nje, akammwagia mbwa ugali wote, akaiosha sahani, akairudia kuiosha. Akakaa jikoni gizani. Aliposikia mumewe anakohoa kule ndani, njaa ikimsumbua bila shaka, aliwasha moto upya, akampikia uji, akamnywesha. Hakumtazama usoni.

Juma hilo walilimaliza hivyo. Alimwogesha, akamvalisha, akamtoa kibarazani, na hakumsemesha hata neno. Kisha akampigia Margwe.

"Panga siku twende."

"Mama, bado unataka?"

"Nataka nikaone alichokuwa ananinyima."

Margwe aliongea na tajiri wake, akapewa gari kwa sharti la mafuta tu, na kazi yake mwenyewe akaitoa bure. Waliondoka asubuhi na mapema. Emiliana alivaa gauni lake la kwenda misa, akamvalisha Boay shati la kaki alilokuwa akivaa kazini, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Wakamfunga mkanda kiti cha nyuma karibu na dirisha, yeye akaketi upande wa pili.

Getini Margwe alikuwa ameshalipa kwa simu, akaonyesha risiti. Askari wa zamu akainama kuchungulia ndani, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Jamani, huyu si Mzee Boay! Mzee wetu!" Akaingiza mkono dirishani, akauchukua ule mkono uliokufa na kuutikisa kwa furaha. "Na huyu?"

"Mama. Mke wake," akasema Margwe.

"Aa, yule mama anayeogopa wanyama! Leo umejikaza, mama."

"Nimejikaza," akasema Emiliana.

Walipoingia, msitu uliwafunika mara moja. Kukawa baridi, maji yakilia mahali asipopaona, miti mikubwa imeshikana vichwa. Emiliana alikuwa amejiandaa kuchukia kila kitu, na alishindwa. Alikumbuka basi, na dirisha lile la upande wa pili, na jinsi ambavyo yote haya yalikuwa hatua chache tu kutoka alipokuwa akipita na ndizi zake.

Kwenye kona ya kwanza kulikuwa na kundi la nyani wameketi barabarani, wengi mno, wakichambuana chawa. Margwe akapunguza mwendo. Na hapo Boay akaongea.

Haikuwa sauti ya bado. Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, yenye kicheko kwa ndani, na maneno yalitoka yamefuatana vizuri, mengi, kwa Kiingereza. Mdomo ulikuwa bado umevutwa upande, lakini maneno yalipita. Margwe alikanyaga breki mpaka wakasukumwa mbele.

"Mungu wangu," akasema.

"Anasema nini?" Emiliana alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. "Margwe! Anasema nini?"

"Anasema... anasema, kushoto kwako, hao ni nyani. Yule mkubwa ndiye mwenye mji, tazama alivyokaa kama mwenye nyumba anasubiri kodi."

"Ananiambia mimi?"

"Anakwambia wewe, mama." Margwe akamtazama kwa kioo. "Ila anakuita madamu."

Emiliana alimgeukia mumewe. Boay alikuwa anamtazama, na uso wake ulikuwa mchangamfu, wa adabu, uso wa mtu anayemkarimu mgeni aliyetoka mbali na kulipa vizuri. Hakuwahi kumwona akimtazama hivyo. Kwa nusu ya mdomo iliyobaki nzima alikuwa anatabasamu.

"Muache aseme," Emiliana akanong'ona. "Endesha polepole, usimkatize."

Akasema njia nzima. Aliwaonyesha viboko bwawani, akaeleza kwamba mchana wanaogopa jua lisiwachome ngozi. Alionyesha ndege wale heroe kule mbali ziwani, mstari wa waridi uliokuwa ukitetemeka. Alionyesha hondohondo juu ya mti, akaeleza kwamba jike akitaka kutaga hujifungia ndani ya shimo la mti na kuziba mlango kwa udongo, akaacha ufa tu, na dume ndiye anayemletea chakula kutoka nje. Margwe alikuwa akitafsiri huku akifuta macho kwa kiganja. Emiliana alisikiliza kila neno. Alipenda, hilo hakulificha baadaye. Alipenda kuliko kitu chochote alichowahi kuonyeshwa, na kila alipopenda, kifua kilimuuma zaidi.

Karibu na maji walisimama. Emiliana akasema, "Muulize kama ana mke."

"Mama..."

"Wageni hawamuulizi?"

"Wanamuuliza kila safari."

"Basi muulize."

Margwe akauliza kwa Kiingereza, macho yakiwa mbele kwenye usukani. Boay akachangamka zaidi. Akajibu kwa urefu, akainua mkono wa kushoto kupamba maneno, akamaliza, akatulia, akimtazama Emiliana kama anayesubiri.

"Sema," Emiliana akamwambia Margwe.

"Ni utani tu, mama. Utani wa kazi."

"Nimekwambia sema."

"Anasema, ndiyo, madamu, ninaye, lakini ameolewa na ng'ombe, mimi namtembelea tu. Anasema, nikimleta hapa nikamwonyesha tembo, atauliza anatoa lita ngapi kwa siku."

"Halafu?"

"Hapo ndipo wageni wanacheka."

"Wanacheka sana?"

"Wanacheka, mama. Bakshishi inakuwa nzuri."

"Na wewe ulikuwa unacheka?"

"Nilikuwa kijana," Margwe akasema, na hakugeuka.

Boay alikuwa bado anasubiri. Uso wake ulikuwa umebaki wazi, mkono hewani, na wasiwasi ulikuwa umeanza kumwingia machoni, wasiwasi wa mtu anayeona kazi yake leo haiendi. Emiliana aliuona wasiwasi ule. Akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, jinsi alivyodhani madamu wanavyocheka, na Boay akashusha mkono, akaridhika, akaendelea kueleza habari za pundamilia.

Walipotoka getini jioni na kuanza kupanda mlima kurudi Rhotia, alinyamaza. Nyumbani Emiliana alimvua shati la kaki, akamuuliza kama amechoka.

"Bado," akasema.

Fabiola alipopiga simu na kuambiwa baba ameongea, alilia mpaka mwenzake wa ofisini akaja kuuliza kuna msiba gani. "Mama, mrudishe! Mrudishe hata kesho. Alisema nini?"

"Alinionyesha hondohondo."

"Na wewe? Alikwambia nini wewe?"

"Mambo mengi," akasema Emiliana. "Subiri, uji unamwagika." Na jikoni hapakuwa na uji wowote.

Alizirudisha zile dola dukani akapewa shilingi, akapoteza kidogo kwa kubadilisha. Akapiga hesabu nyingine tena, ya shilingi safari hii: mafuta, geti, chakula cha kubeba kutoka nyumbani. Akaona kwamba fedha za ng'ombe zingeweza kuwapeleka mara nyingi, mara zaidi ya alizowahi kuomba maisha yake yote. Kanisani wenzake wa kikoba walimwambia anatupa mali. Mmoja alisema, "Mwenzetu amekuwa mtalii siku hizi, kesho atakuja misa na kofia pana." Wakacheka, naye akacheka nao. Hakuweza kuwaambia kwamba analipa ili awe mgeni wa mumewe, kwa sababu akiwa mke wake hapati neno lolote zaidi ya lile moja.

Mara ya pili Boay alianza kuongea palepale kwenye nyani. Mwenye nyumba akasubiri kodi. Viboko wakaogopa jua. Baada ya muda Emiliana alitambua kwamba ni maneno yaleyale, yamepangwa vilevile, hata mahali pa kupumua ni palepale, na kwamba hata siku ile ya kwanza hakuna alichokuwa anaambiwa yeye. Maneno yalikuwa yameshikamana na njia ile, kila kona na lake. Hata hivyo alisikiliza. Walipofika karibu na maji utani wa ng'ombe ulikuja wenyewe, bila kuulizwa, akaucheka mahali pake. Kisha, kabla hajajizuia, akamwambia Margwe, "Muulize huyo mkewe anaitwa nani."

Margwe akauliza.

Ilionekana kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyewahi kuuliza swali hilo, maana jibu lake halikuwepo. Boay alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama nje, akatazama mgongo wa Margwe, jasho likamtoka juu ya midomo. Mkono wa kushoto ukatafuta kitu hewani. Halafu akamgeukia Emiliana na kumtazama, kwa muda mrefu, na ule uso wa mwenyeji ukawa unamtoka kidogo kidogo, na macho ya kahawia yakawa yanakuja, yanakuja.

"Bado," akasema Boay. Machozi yakamtiririka upande mmoja wa uso.

Hakuongea tena siku hiyo. Tembo walipita, hakusema. Emiliana alimfuta machozi kwa pindo la kitenge huku akijilaani moyoni. Si angemwacha tu. Angecheka utani wake, akafurahi na hondohondo wake, wakarudi nyumbani.

Walikwenda mara ya tatu mvua zilipokuwa zimekatika kabisa na msimu umefunguka. Safari hii kulikuwa na foleni getini, magari mengi, Wazungu wenye kofia, na Emiliana akiwa ndani ya foleni ileile aliyokuwa akiikwepa kwa macho. Nyani walikuwepo. Margwe akapunguza mwendo, akasubiri. Boay alitazama nje ya dirisha na midomo yake haikucheza. Kwenye viboko alitazama vidole vyake. Hondohondo alilia juu yao kwa sauti kubwa, Margwe akasimamisha gari na hata kuanza kumsaidia kwa Kiingereza, neno la kwanza, la pili, kama mtu anayemwanzishia mtoto wimbo. Boay hakuupokea. Gari lingine liliwapita, kijana mwongozaji amesimama anawaeleza wageni wake jambo, wakapasuka kicheko wote pamoja. Mkono wa kushoto wa Boay ulikuwa pajani, na hata gia haukubadilisha.

Walifika karibu na maji. Margwe akazima injini, akangoja, kisha akageuka.

"Turudi, mama?"

"Tumelipia mpaka jioni," akasema Emiliana. "Tukae."

Akafungua kapu, akamlisha Boay kiazi na maziwa mgando ya kununua, akamfuta mdomo. Kisha akahamia upande wake, akamsogeza, akaketi ubavuni pake. Tembo walitoka msituni wakiwa kundi, wakapita mbele ya gari karibu sana hata harufu yao ikaingia ndani, mdogo kuliko wote akijikwaa kwenye miguu ya mama yake. Boay alikuwa amesinzia, kichwa kimelala begani kwa mkewe, pumzi nzito.  Emiliana alibaki ameketi hivyohivyo, bega limekufa ganzi, akiwatazama peke yake mpaka wa mwisho alipoingia kwenye matete.